Tuandikieni pampuni: ethanoli ni asilimia ngapi?

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapa wiki mbili zilizopita, ile iliyosema ethanoli, alkoholi inayochanganywa na petroli, ni "spiriti ya kuua injini" na kwamba mwenye gari la turbo anayeitia tangini anajichimbia kaburi. Simjui ndugu huyo na sina ugomvi naye. Lakini mimi natia. Natia kwa kipimo, mwaka wa pili sasa, kwenye pikapu inayonipa riziki, na kaburi sijaliona. Nilichokiona ni kitu kingine, ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, nami nitakifikia.

Kwanza nijieleze. Mimi ni dereva wa mizigo midogo: mbao, saruji, matangi ya maji, siku nyingine trekta dogo la mtu lililozimika shambani. Nina miaka 19 barabarani. Pikapu yangu ni ya petroli, silinda 6, turbo mbili, na nyuma yake huwa kuna trela ambalo likijaa hufika tani 3. Nasisitiza petroli kwa sababu pikapu nyingi zenye turbo ni za dizeli, na mwenye dizeli akiisoma barua hii nusunusu anaweza kwenda kufanya maafa. Ndugu mwenye dizeli, haya hayakuhusu. Injini yako huwasha mafuta kwa mgandamizo na joto, na ethanoli ni hodari wa kukataa kuwaka namna hiyo. Tena haina ule ulaini ambao pampu na nozeli za dizeli zinautegemea. Usitie hata kikombe. Fungua ukurasa wa michezo.

Tuliobaki tuendelee.

Kuna mlima mmoja ninaoupanda mara tatu kwa wiki nikiwa na trela. Ni kilomita 9, kona nyingi, na mchana jua linaupiga moja kwa moja. Kwa miaka miwili ya mwanzo pikapu yangu ilikuwa na tabia moja pale. Kilomita 3 za kwanza inavuta kama fahali. Ya nne inaanza kulegea. Ya sita nakanyaga hadi mwisho na haiongezi kitu, gia zinashuka zenyewe, feni inapiga kelele, na nyuma yangu foleni ya magari madogo inanipigia honi. Nikifika juu nikapumzika robo saa, nguvu zinarudi. Nilibadilisha plagi, nikasafisha chujio la hewa, nikamlalamikia kila mtu. Haikusaidia.

Aliyenifumbua macho ni fundi wangu, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Siku hiyo alipanda kiti cha abiria, akachomeka mashine yake ya kusoma kompyuta ya gari, tukaupanda mlima pamoja. Akawa ananionyesha namba zinavyoshuka. "Mzee," akaniambia, "gari lako si bovu. Linaogopa."

Nieleze alichomaanisha, kwa sababu barua ya yule ndugu ilikiruka kipengele hiki chote. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni ingeivuta yenyewe. Ndiyo maana injini ya lita 3.5 inaweza kufanya kazi ya injini kubwa. Tangu Ford ilipoweka V6 (silinda sita) ya lita 3.5 yenye turbo mbili kwenye pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2011, njia hiyo imekuwa ya wengi. Hata Toyota iliiacha V8 (silinda nane) kwenye pikapu yake ya Tundra ya 2022 ikaingia V6 ya turbo mbili. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi ile pampu inavyochoma kiganja. Kwenye gari ipo rejeta ndogo ya kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia, ila ukipanda mlima polepole na mzigo, upepo wa kuipuliza unakuwa mdogo, na hewa inaingia ikiwa bado ya moto.

Hapo ndipo petroli inapokosa uvumilivu. Badala ya kungoja cheche ya plagi iwake taratibu, sehemu yake hujilipukia yenyewe. Sisi tunasema injini inagonga. Kwenye magari ya zamani uliisikia kwa sikio, kama kokoto ndani ya kopo, na ukiipuuza ilitoboa pistoni. Magari ya sasa yana sensa iliyofungwa kwenye bloku, kazi yake ni kusikiliza huo mlio wa kugonga. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche, ikibidi inapunguza na msukumo wa turbo. Injini inapona, wewe unakosa nguvu. Hutasikia kokoto wala kuona taa. Utaona tu kwamba pikapu yako imekuwa mvivu, kisha utaanza kubadilisha plagi kama mimi.

Uvumilivu huo wa mafuta ndio unaopimwa kwa oktani. Petroli nyingi za pampuni ni oktani 91 hadi 95 kwa kipimo kinachoitwa RON. Ethanoli safi kwa kipimo hichohicho ni kama 108. Lakini kwa injini ya turbo oktani ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni ubaridi. Kilo moja ya ethanoli ikigeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya lile linalofyonzwa na kilo ya petroli. Anayebisha akumbuke sindano ya hospitali: pamba ya spiriti ikipita mkononi, unahisi baridi kabla hujahisi sindano. Sasa fikiria pamba hiyo inapita ndani ya silinda mara elfu kwa dakika, kwa sababu kwenye injini kama yangu nozeli hunyunyiza mafuta ndani ya silinda kwenyewe. Ile hewa iliyochomwa na turbo inapozwa hapohapo, mahali ambapo rejeta haifiki. Kwa hiyo namshukuru yule ndugu kwa neno "spiriti". Amegusa penyewe bila kujua.

Wala si ugunduzi wa fundi wangu. Mwaka 2005 kampuni ya Saab ilitoa 9-5 BioPower, gari la lita 2 lenye turbo ambalo kwa petroli lilitoa nguvu za farasi 150 na kwa E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 85, likatoa 180. Injini ileile, turbo ileile. Kompyuta ilipojua kwamba ndani ya tangi kuna mafuta yasiyogonga, iliiachia turbo isukume zaidi. Na kama yule ndugu atasema Saab haikuwa pikapu, basi aitazame Fiat Toro ya Brazil, ambayo mwaka 2021 ilipewa injini ya lita 1.3 ya turbo: farasi 180 kwa petroli, 185 kwa ethanoli. Ni pikapu, ina turbo, na imeuzwa dukani ikiwa na ruhusa ya kunywa ethanoli tupu.

Hapo kwenye ruhusa ndipo ninapotaka tupunguze mwendo. Toro na ile Saab ziliundwa kwa kazi hiyo. Magari ya namna hiyo, yanayoitwa fleksi, yana nozeli za kutosha, mipira na vyuma vinavyohimili, na kompyuta iliyofundishwa kuhesabu ethanoli. Pikapu yangu haikuundwa hivyo. Kitabu chake kinaruhusu ethanoli kidogo tu, na anayezidisha anafanya hivyo kwa hiari yake na kwa gharama yake. Garantii yangu ilikuwa imeshakwisha, la sivyo nisingejaribu. Mwenye garantii anayetaka kunifuata asome kwanza kitabu chake chote, hata zile herufi ndogo za mwishoni.

Sasa nitubu.

Fundi aliponielewesha habari ya oktani aliniambia: tuchanganye, tufike asilimia 30, tusizidi, na siku ya kuchanganya uje nikupimie. Mimi nikasikia "tuchanganye", mengine yakapita. Jioni ileile nikiwa na lita kama 30 tangini nikaenda kituoni nikatia lita 70 za E85. Nilijiona mjanja. Kama kidogo ni kizuri, kingi si kitakuwa kizuri zaidi?

Njia ya kurudi nyumbani pikapu ilikuwa tamu. Asubuhi yake ikakataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikawaka ikitetemeka kama mwenye homa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, haina ile mivuke myepesi ya petroli inayowaka kirahisi injini ikiwa baridi. Niliijua habari hii baadaye. Nikafunga trela nikaondoka hivyohivyo, kwa ubishi. Kabla ya kilomita 20 taa ya injini ikawaka, na kwenye mwinuko wa kwanza gari likaanza kushtuka, linavuta, linaacha, linavuta, linaacha. Nikasimama pembeni nikampigia fundi simu. Swali lake la kwanza: "Umetia ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba nikadhani simu imekatika.

Alipokuja mashine ikatoa namba mbili za hitilafu, P0171 na P0174, moja kwa kila upande wa injini. Maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Hili nalo lina sababu yake na si gumu. Petroli tupu inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ethanoli inataka kilo 9 tu, kwa kuwa yenyewe imebeba oksijeni, zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kwa hewa ileile injini inahitaji mafuta mengi zaidi. Ukitoka E10 kwenda E30, kompyuta lazima iongeze mafuta kama asilimia 8, na hilo inaliweza bila kulalamika. Kwa ule uji nilioupika mimi ilihitaji kuongeza kama mara mbili ya hapo, ukingoni kabisa mwa kile ilichoruhusiwa kusahihisha. Ilipofika ukingoni ikawasha taa. Na nilipokanyaga mwinukoni, pampu ya mafuta ikashindwa kuleta kiasi kilichotakiwa. Injini ya turbo inayobeba mzigo huku mafuta hayatoshi ni balaa: joto linapanda pale ambapo ungetaka lishuke. Ningeendelea na ubishi hadi kileleni, huenda leo barua hii ingekuwa ya kumuunga mkono yule ndugu.

Tulichomoa lita 50, tukajaza petroli. Taa ikafutwa. Injini haikudhurika, namshukuru Mungu na yule kijana, kwa mpangilio huo.

Lakini jambo lililonikera lilitokea gereji, na ndilo kiini cha barua hii. Fundi alichukua mafuta niliyobakiza kwenye dumu, ile E85 yenyewe kama ilivyotoka pampuni, akaleta mrija wa kioo wenye alama za mililita. Akatia maji mililita 50, akaongeza mafuta mililita 50, akaziba, akatikisa, akauweka mezani tungoje. Ethanoli inapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Ikikutana nayo huiacha petroli juu na kushuka kuishi na maji. Baada ya dakika chache mstari ukajitenga, ukaonekana wazi. Kama kweli ilikuwa asilimia 85, maji yangepanda hadi zaidi ya 90. Yalisimama kwenye 83. Yaani mililita 33 za ethanoli ndani ya 50 za mafuta. Asilimia 66. Tukarudia mara mbili kwa kuwa mimi sikuamini. Ikawa ileile.

Nilirudi kituoni na mrija wangu mfukoni. Sikitaji kituo, na mhudumu niliyemkuta hakuwa na kosa. Binti wa watu alinitazama kama nimekuja kupima malaria. Alisema E85 ni E85, imeandikwa pale. Meneja alipokuja akasema hivyohivyo kwa sauti kubwa zaidi.

Na ajabu ni kwamba hawakuwa wakiniibia. Nchini Marekani, ambako mafuta haya yameenea, viwango vinaruhusu kitu kinachouzwa kwa jina la E85 kiwe na ethanoli popote kati ya asilimia 51 na 83. Someni tena, haifiki hata 85! Sababu yake ni ya maana: msimu wa baridi petroli huongezwa ili magari yawake asubuhi, kwa ule ugonjwa ulionipata mimi. Kwa gari la fleksi tofauti hiyo si kitu, linajipimia lenyewe. Kwa mtu anayechanganya kwa mkono ni kama kupewa dawa ambayo chupa imeandikwa "ina nguvu".

Tupige hesabu pamoja, kalamu si nzito. Unataka lita 100 za asilimia 30, na petroli yako ya kawaida ina ethanoli asilimia 10. Ukiamini kibandiko cha 85, utatia lita 27 za E85 na 73 za petroli. Kama kumbe ni 66, utapata asilimia 25. Kama ni 51, utapata 21. Hapo umekosa faida tu, hujaharibu. Lakini sasa umezoea kwamba E85 ya kituo kile ni dhaifu, umeshapanda hadi lita 36 kila ukijaza, na lori linashusha shehena mpya ya asilimia 83. Siku hiyo, bila wewe kubadilisha chochote, uko asilimia 36. Na bado hatujagusa petroli yenyewe: je, ina 10 kweli, au 5, au hakuna? Kwenye mrija wa fundi tumekuta asilimia 10, kisha 4, kisha 9, kwenye pampu tofauti zenye maandishi yanayofanana.

Tangu siku ile napima kila ninapojaza. Mrija unakaa kwenye mfuko wa mlango, pamoja na chupa ya maji na daftari. (Wanaoiga: fanyeni nje, penye hewa, mbali na sigara na simu inayochajiwa. Mvuke ni mvuke, na moto wa ethanoli mchana hauonekani vizuri.) Na nikiwa kati ya 25 na 30, mlima wangu umekuwa mlima mwingine. Mashine ya fundi inaonyesha kompyuta haicheleweshi cheche tena kama zamani. Inachukua kilomita kadhaa kujifunza kwamba mafuta yamebadilika, kisha inajiamini. Kilomita ya sita napita na gia moja juu ya ile niliyokuwa napitia. Feni inazunguka kistaarabu. Wa honi wamepungua, au labda nimezeeka siwasikii.

Gharama ipo, na ninawaonya wanaohubiri ethanoli kama tiba ya kila kitu kwamba wanaificha. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi kuliko lita ya petroli. Hakuna fundi anayeweza kulikwepa hilo. Kwa daftari langu, nikiwa na trela nilikuwa natumia lita 18 kwa kilomita 100. Sasa natumia 19 na kidogo. Barabara tambarare bila mzigo sioni faida yoyote, naona hasara tu, na safari ndefu ya namna hiyo huwa nairudia petroli yangu. Mwenye turbo asiyebeba mzigo wala kupanda mlima sijui anatafuta nini kwenye E30, labda kelele.

Mengine aliyoyasema yule ndugu yana ukweli wake, ila umelengwa pasipo. Mipira kuukuu ya magari ya kabureta inaharibiwa na ethanoli nyingi, hilo kweli. Ethanoli husafisha uchafu wa miaka uliolala tangini na kuupeleka kwenye chujio. Mimi chujio langu liliziba mwezi wa pili. Hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo gari la kukaa miezi bila kuwashwa halifai kuachiwa mafuta haya. Na jenereta! Nililitilia masalio ya dumu nikalisahau tangu mvua hadi kiangazi. Kabureta yake ilitoka imejaa unga mweupe na utandu wa kijani. Nilistahili. Hata Marekani, ambako mamlaka ya mazingira iliruhusu E15 mwaka 2010 na 2011 kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia 2001, pikipiki, boti na mashine za kukatia nyasi ziliachwa nje ya ruhusa hiyo. Mashine ndogo hazina kompyuta ya kuzisahihishia.

Lakini kutoka hapo hadi kusema ethanoli inaua turbo ni kuruka mto mpana. Brazil tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida kabisa pampuni ina ethanoli asilimia 30, na kabla ya hapo ilikuwa 27 kwa miaka kumi. Jimbo la Nebraska lilitoa magari ya serikali yasiyo ya fleksi yakaendeshwa kwa E30 huku chuo kikuu chao kikifuatilia, na kompyuta za magari hayo zilijirekebisha. India imepanda hadi 20, na huko kelele za madereva zilikuwa nyingi mwaka 2025, hasa wenye magari ya zamani. Nikiisikiliza kelele ile nasikia jambo ninalolijua: watu wanabadilishiwa mafuta, halafu wanaambiwa ni petroli ileile.

Sitaki kuingia kwenye ubishi wa mahindi na miwa kuwa chakula au mafuta. Ni ubishi mkubwa na mimi ni dereva.

Ninachoomba ni kidogo. Pampu iandike asilimia ya shehena iliyomo leo, si jina la biashara. Kila lori linaposhusha mafuta huja na karatasi, na muuzaji anazo taarifa au anaweza kuzidai. Aandike namba moja kwa chaki, inatosha. Ikizidi hapo, kituo kiweke mrija wa kioo kaunta kama wanavyoweka kipimo cha upepo wa tairi. Ipo sensa inayopima ethanoli kwa umeme ndani ya bomba la mafuta, wapenda mwendo kasi wanaifunga magarini mwao miaka nenda rudi. Sioni kwa nini kifaa kinachoingia kwenye gari la kijana kishindwe kuingia kwenye pampu. Na gazeti letu, Ndugu Mhariri, likichapa barua ya "ethanoli imeua injini yangu", limuulize mwandishi swali lile la fundi wangu: umetia ngapi?

Kama yule ndugu yuko tayari, kiti cha abiria kipo wazi. Tutapima kwanza, ndipo tupande. Jana nilipopima E85 ilikuwa 74, nimepunguza lita nne na nusu.

Dereva wa trela